Kibebeo cha mtoto chenye mkanda wa kiunoni: nimekipandisha Lushoto

Kama mtoto wako ameshaanza kutembea lakini hafiki popote, na una safari ya milimani mbele yako, nunua kibebeo chenye mkanda mpana wa kiunoni. Nunua mtumba. Halafu kitenge kiweke juu kabisa kwenye begi la safari, kwa sababu utakihitaji kabla kibebeo hakijafunguliwa. Mwenye haraka aishie hapo. Anayetaka kujua nimefikaje huko, aendelee.

Changu nilikitoa soko la Karume, Dar, kwa shilingi 35,000, baada ya kuvutana bei na kijana aliyeanzia 50,000. Ni cha kijivu, kina mikanda miwili ya mabegani iliyojazwa sponji, klipu tatu za plastiki, na kofia ndogo ya kitambaa ya kumkinga mtoto jua anaposinzia. Lebo ya ndani inasema mwisho kilo 20. Jina la kampuni halitakusaidia, maana kwenye mtumba huchagui kampuni, unachagua kilichotoka kwenye belo siku hiyo. Madukani vipya vya aina hii nimeviona kuanzia laki na nusu, na sioni tofauti ya zaidi ya laki moja kati ya hicho na changu.

Lakini mtumba lazima uukague. Klipu zifunge na kuzifungua zote, moja baada ya nyingine, na kila moja itoe mlio mkavu. Plastiki iliyopauka kwa jua iache hapohapo, itapasuka siku ambayo mtoto yumo ndani. Shika mkanda wa bega pale unapoungana na kitambaa, uvute kwa nguvu zako zote. Muuzaji atanuna, mwache anune. La mwisho, ambalo wengi hawaliangalii, ni upana wa kitako. Mtoto akikaa, kitambaa kimshikilie mapaja mpaka karibu na magoti, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, miguu imeachana ikikuzunguka kiuno. Vile vyenye kipande chembamba katikati vinamning'iniza mtoto kwa msamba, miguu inalegea chini, nyonga zake hazikai vizuri. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga anakaa vile inavyotakiwa tangu enzi za bibi zetu, bila lebo wala maelezo.

Safari yenyewe ilikuwa ya dada na mimi. Dada ni mwalimu Korogwe, wanawe wameshakuwa vijana, na tangu nijifungue hatujapata kukaa wawili tukazungumza jambo likafika mwisho. Tukapatana likizo ya shule ya katikati ya mwaka, Lushoto, waume wabaki na nyumba zao. Mwanangu alikuja kwa sababu moja tu: bado ananyonya usiku. Anakaribia miaka miwili, ana kilo 12, na yeye humwita dada "Mama Kubwa" badala ya Mama Mkubwa, jina ambalo dada analipokea kwa shingo upande.

Kwenye basi kibebeo hakina kazi. Nakisema hiki mapema kwa sababu nimeona akina mama wanaopanda pale stendi ya Mbezi wakiwa wameshamfunga mtoto kifuani. Ukikaa, mkanda wa kiunoni unapanda juu na kukuchoma mbavu, mtoto anabanwa kati yako na kiti cha mbele, na wala si kifaa cha kumlinda ajali ikitokea. Kutoka Dar mpaka Korogwe alipopandia dada, kazi yote ilifanywa na kitenge. Kilikuwa shuka, kilikuwa pazia la kunyonyeshea, kilikuwa mto wa kuegemea dirishani. Kisha Mombo, basi likaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kama kilomita 33 tu mpaka Lushoto, lakini kona hazina hesabu, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Kona zikamshinda mwanangu kabla hatujayaona maporomoko ya Soni. Aliyepokea yote ni kitenge. Kwa hiyo beba viwili.

Siku ya kwanza ya kutembea tulikwenda Irente, kwenye mwamba wa kutazamia bonde. Kutoka mjini ni kama kilomita sita, njia inapita kati ya mashamba na nyumba za watu, watoto wanakusabahi "shikamoo" mpaka unachoka kuitikia. Mwanangu alikataa kubebwa kabisa. Alitaka kumwona kila mbuzi, na kila jiwe alitaka aliokote. Dada akaniambia tukienda hivi tutafika Irente mwezi wa tisa. Halafu bila onyo akakaa chini katikati ya njia, akanyoosha mikono: "Beba."

Hapo ndipo kibebeo kilipoingia kazini. Mkanda wa kiunoni unaufunga kwanza, uukaze hasa, ukae juu ya mfupa wa nyonga na si tumboni. Mtoto anapanda ubavuni, unainama mbele, unamtelezesha mpaka mgongoni, mkono mmoja ukimshikilia chini ya makalio. Ndipo unavuta kitambaa juu yake na kuingiza mabega. Mara ya kwanza ufanye mtu akiwa nyuma yako, au ukiwa juu ya kitanda. Ukizoea unaweza peke yako, ila klipu ya kifuani itakusumbua kila mara kwa sababu inajificha kwapani.

Ukishasimama wima ndipo unaelewa fedha imekwenda wapi. Kilo 12 zinashuka kiunoni, mabega yanabaki mepesi. Nilipanda kile kipande cha mwisho kuelekea mwambani mikono yangu yote miwili ikiwa huru, mmoja nimemshika dada aliyevaa viatu vya kanisani. Mama mmoja aliyeshuka na kuni kichwani, mjukuu mgongoni kwa kanga, alisimama akanitazama, akauliza kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, huyo mtoto anapumua humo?" Anapumua, mama. Alikuwa anaimba.

Pale mwambani Irente ndipo ningelipa hata mara mbili ya bei yake. Wasiofika niwaeleze: unatoka kwenye miti, unakanyaga mwamba, halafu ardhi inaisha. Chini kabisa ni Mazinde na uwanda uliotandaa mpaka macho yanakoma. Kwa mtu mzima ni mandhari, ila mimi mwenye mtoto anayekimbia bila kutazama mbele nilianza kutokwa jasho viganjani kabla sijafika. Sikumshusha. Alilia kidogo, akapiga teke mbavu zangu, lakini klipu hazijui kubembelezwa. Nilikaa nyuma mbali na ukingo, yeye akaiona dunia juu ya bega langu, dada akapiga picha zake zote. Kwa kitenge ningeweza pia, ila mwanangu ameshajua kuutoa mkono mmoja, kisha wa pili, kisha kiwiliwili chote, na mahali kama pale sitaki kuwa na la kufikiri.

Tulikula shamba la Irente, hapo jirani: mkate mweusi, jibini laini, jemu, na juisi. Mtoto alikula jibini kwa mikono yote miwili. Hapo sina la kulalamikia.

Sasa kasoro, na si ndogo. Kibebeo hiki kimetengenezwa kwa mtoto anayekubali kukaa, na mtoto wa umri huu hakubali. Anataka kushuka, akishashuka anataka kupanda. Kila kumshusha ni klipu, kila kumpandisha ni klipu na kukaza upya, na wakati wote huo mtu umeinama njiani umempa mgongo kila anayepita. Kurudi kutoka Irente nilifungua na kufunga mpaka dada akachoka kunitazama. "Lete huku, mdogo wangu. Utafungua na kufunga mpaka magharibi." Akavuta kitenge cha pili, akamrusha mgongoni, akakunja huku, akavuta kule, fundo moja juu ya matiti, akaanza kwenda. Mimi nilikuwa bado natafuta klipu ya kwapani.

Kwa kasi, kitenge hakina mpinzani. Lakini kwenye mlima mrefu dada naye alianza kuhema. Fundo linavuta kifua, uzito wote unakaa mabegani na mgongoni juu, na kila baada ya mwendo kidogo lazima umrushe mtoto juu kwa kiuno ili kukaza tena. Tukaishia kupokezana: mtoto akiwa macho na mwenye mambo yake, kitenge, usingizi ukimpata, kibebeo. Kanga usiitumie kwa mtoto wa kilo hizi kwenye mteremko. Ikishafuliwa sana inakuwa laini na fundo linateleza. Kitenge kizito ndicho.

Na usingizi ulipompata, kofia ile ya kitambaa ilimshika kichwa kisianguke upande. Tukashuka polepole, jua limelegea, na kwa mara ya kwanza dada na mimi tukalizungumza suala la paa la nyumba ya mama Tanga, mabati yaliyoliwa na chumvi, nani atoe nini na fundi gani asirudishwe tena pale. Nyumbani jambo hilo huwa linakatizwa na "mamaaa" kila tunapokaribia kwenye hesabu. Safari hii tulifika mpaka idadi ya mabati. Dada analipa fundi, mimi nalipa bati na misumari.

Msitu wa Magamba nitausema kwa kifupi. Njia ina mizizi na tope, na kibebeo mgongoni kinakufanya uwe mrefu kuliko unavyojijua: ukiinama kupita chini ya tawi, kumbuka kuna kichwa kingine juu ya chako. Faida yake ni kwamba mtoto anakuwa usawa wa majani. Sisi tukitafuta mbega juu ya miti, yeye ndiye aliyemwona kinyonga, kwenye tawi karibu kabisa na uso wake, akanyoosha kidole na kutoa sauti ya furaha. Anayetuongoza akatuambia tusimguse tu. Dada, mwalimu wa sayansi, alirudi nyuma hatua nyingi kuliko mimi.

Kuna matumizi ambayo hayako kwenye lebo. Nyumba ya wageni tuliyofikia haikuwa na kiti cha mtoto cha kulia chakula, na jikoni kwao wali hauharakishwi. Niliufunga mkanda wa kiunoni kwenye mgongo wa kiti, nikampitisha mtoto, klipu ikalia, akakaa mezani na watu wazima mpaka chakula kikafika. Usimwache peke yake hivyo hata dakika, kwa sababu kiti kinaweza kupinduka, lakini ukiwa umekaa pembeni yake kinakupa mikono miwili ya kulia chakula kikiwa bado cha moto. Nilikuwa nimeshasahau ladha ya chai ya moto.

Nani asinunue? Mwenye mtoto wa miezi michache, kuna vya kwao vyenye kumshika shingo, na hiki ni kikubwa mno. Mwenye mimba pia, mkanda hauna pa kukaa. Na anayekitaka kwa matembezi ya Dar peke yake afikirie tena. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba unavaa sweta, na bado mgongo wangu ulilowa pale sponji lilipogusana na mtoto. Hapa Dar nilikivaa kwenda sokoni Mbezi, tukarudi wote wawili tumelowa na kuchukiana. Mjini kanga inatosha, inapitisha hewa.

Vile vyenye kiti kigumu cha boksi kiunoni nilivijaribu dukani. Vizuri kwa kumshusha na kumpandisha haraka, lakini boksi linakusukuma tumbo, na mtoto anakaa mbele tu. Ukiwa naye mbele kwenye njia ya mlimani huoni unapokanyaga. Nilikirudisha rafuni.

Kuhusu kufua: soma lebo, changu kinafuliwa kwa mikono, maji ya baridi, bila jiki. Sponji linakunywa maji na haliyaachii. Lushoto niliking'ang'aniza kukifua kwa sababu ya jibini, ukungu ukashuka jioni, kesho yake kikawa bado kinachuruzika, nikakirudisha Dar ndani ya mfuko wa nailoni kikiwa na harufu yake. Fua nyumbani, asubuhi, siku ya jua kali, klipu zote zikiwa wazi, na uanike mikanda ya mabegani ikielekea chini ili maji yasijikusanye kwenye mkanda wa kiunoni.