Ubao wa omweso nilionunua Kampala, miezi mitatu baadae

Nimengoja miezi mitatu ndo naandika, maana kitu kipya kila mtu anakisifia wiki ya kwanza. Omweso ni mchezo wa kete wa Uganda, ndugu yake bao. Ubao nilichukua kwenye vibanda vya sanaa mjini, jamaa alianza na 70,000 tukavutana mpaka 45,000.

Ubao ni mzito, mti mgumu, mistari 4 ya mashimo 8, na kete zinatakiwa ziwe 64, kila mchezaji 32. Nimefika nazo Jinja nahesabu, 61! Kamfuko alifunga muuzaji mwenyewe na mimi sikukagua. Tukaongezea mawe matatu madogo. Halafu mashimo mawili ya pembeni hayakupigwa msasa, binti yangu mdogo kibanzi kikamwingia kidoleni. Kwa hiyo ukienda hesabu kete palepale na upitishe kidole kila shimo kabla hujatoa pesa.

Lakini ningenunua tena hata kesho. Jioni kwetu ilikuwa tukimaliza posho (ugali) na maharage kila mtu anainamia simu yake, mimi WhatsApp za kazi, mama watoto TikTok, kijana mkubwa mpira, na mzee wangu kakaa pale na redio yake anatutazama tu. Mara ya mwisho kupiga stori wote mpaka saa tano usiku ilikuwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku kama 5, ilivyowashwa tu kila mtu akarudi kwenye kona yake na iliniuma sana.

Omweso hauchezeki na simu mkononi. Unachota kete za shimo zima, unaziangusha mojamoja kuzunguka, ukikosea hesabu unaliwa. Na wale wa bao la pwani msidhani ni ileile, huku hakuna kete za akiba za kunamua, yaani za kuingiza moja kila zamu, zote ziko ubaoni toka mwanzo. Mwalimu wetu ni huyo mzee wangu, na siku hizi anaongea! Katutajia mpaka mwembe ambao baba yake alikuwa anachezea chini yake, kitu sijawahi kusikia na nina miaka 41.

Juzi simu ya kijana imelia juu ya kabati mara tatu, yeye kaganda na kete mkononi, midomo inahesabu. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, hesabu tena." Akahesabu tena.