Hadubini ya shilingi 68,000 na stempu yangu ya Mafia

Nimekaa nayo miezi minne, kwa hiyo ninachosema hapa si cha mtu aliyefungua boksi jana. Ni hadubini ndogo ya USB, zile nyeusi zenye umbo la tochi, taa nane mdomoni na gurudumu la kuzungusha kiunoni. Jina la kampuni sikuliona popote. Boksi lina maandishi ya Kichina na namba moja tu niliyoielewa: 1000X. Nililipa 68,000, ikapakiwa basi la Dar, na jioni yake bodaboda akaileta mpaka mlangoni kwangu Ngamiani, hapa Tanga.

Sikuinunua kutazama wadudu. Mimi ni mhasibu mstaafu na ugonjwa wangu ni stempu za vita, tena vita ile ya kwanza, ya hapa hapa kwetu. Wenye ugonjwa huu wananielewa. Kati ya 1914 na 1918 nchi hii ilitembelewa na majeshi mengi, na kila jeshi lilipotua lilitaka askari wake waweze kuandika barua. Stempu mpya hakuna, muda wa kuagiza Ulaya hakuna, basi inachukuliwa stempu iliyopo na kugongwa herufi juu yake. Waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo, walikuwa na N.F., kifupi cha Nyasaland Force. Wabelgiji walichapa RUANDA na URUNDI juu ya stempu za Kongo. Wareno walipokichukua kile kipande cha kusini ya mto Ruvuma mwaka 1916, wakaandika KIONGA juu ya stempu za Lourenço Marques, Maputo ya leo. Ni karatasi ndogo, ila ukizipanga vizuri unaona jeshi linavyotembea.

Tabu ni kwamba herufi chache za wino juu ya stempu ya kawaida ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Stempu yenyewe ni halali, tapeli anahitaji kuongeza wino tu. Ndiyo maana nikataka jicho kali.

Tuanze na hiyo 1000X. Ni uongo, na kuuthibitisha si kazi. Nililaza rula chini ya lenzi, nikazungusha gurudumu hadi mwisho, nikahesabu. Milimita nne zilijaza skrini ya kompyuta yangu yenye upana wa sentimita 31. Hiyo ni kama mara 78. Kwa kazi ya stempu mara 78 inatosha na kubaki. Mara nyingi natumia nusu yake. Ila mtu asikununulishe kwa namba ya kwenye boksi.

Kisimamio ni aibu. Ni cha plastiki, kina shingo ya kupinda kama ya taa ya mezani, na kila ukigusa gurudumu picha nzima inacheza kama jahazi kwenye matlai. Wiki ya tatu shingo ikalegea kabisa. Sasa nimeifunga hadubini kwenye kipande cha bomba la maji nilichokatiwa na fundi, nimekichimbia kwenye kopo la saruji. Mke wangu anakichukia kile kitu, lakini hakitikisiki. Taa nazo ukiziwasha zote zinang'arisha karatasi hadi wino mweusi unaonekana kijivu. Zipunguze karibu kuzima, weka taa nyingine ubavuni, chini kabisa, mwanga upite juu ya stempu kwa mshazari. Hapo ndipo utaona kilichosukumwa na chuma na kilichomwagwa tu.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa stempu ambayo sina shaka nayo. Babu mzaa mama alikuwa karani wa reli, akaacha bati la biskuti lenye barua. Moja ina stempu ya Afrika Mashariki na Uganda, kichwa cha Mfalme George wa Tano, na juu yake G.E.A., kifupi cha German East Africa, zile zilizoanza kutolewa 1917 Waingereza walipokwisha kushika sehemu kubwa ya nchi. Chini ya hadubini ile G ilikuwa nzuri kama kazi ya sonara. Wino umesukumwa pembeni ukajikusanya kwenye ukingo, mweusi tii, na katikati ya herufi umepauka. Hivyo ndivyo herufi ya chuma inavyofanya ikikandamiza karatasi. Kisha nikaenda steshenari ya jirani, nikamwomba kijana anichapie G.E.A. kwa printa yake kwenye kipande cha bahasha kuukuu. Kwa macho matupu zilikaribiana mno. Chini ya lenzi ile ya steshenari ikawa vumbi la vidoti, vingine vya bluu, vingine vyekundu, havina ukingo wala mkandamizo. Kwa hili hadubini inapata alama zote.

Sasa Mafia. Kisiwa kilitekwa Januari 1915, na kilikuwa na kazi kubwa mwaka ule kwa sababu manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo tu, mpaka ilipomalizwa Julai. Waingereza pale kisiwani waligonga G.R. MAFIA juu ya stempu za Kijerumani, zile zenye picha ya meli ya Kaisari. Ziligongwa kwa mkono, kwa hiyo kukaa upande upande si dalili ya ughushi, na waghushi wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa kila moja ya kweli sokoni sijui utapishana na feki ngapi.

Mimi nilinunua moja ya heller 7½, hela ndogo za Mjerumani, mtandaoni kabla sijawa na hadubini, kwa 180,000. Nilijiona nimeokota. Wino wa zambarau, herufi zimekaa vizuri, muuzaji anaongea kwa adabu, mzee, shikamoo, nimeitoa kwenye mzigo wa marehemu baba. Nikalipa.

Ilikuwa stempu ya kwanza niliyoilaza baada ya ile ya babu. Nikakuza pale F ya MAFIA inapokutana na mhuri wa posta. Mhuri ni mweusi, mviringo, nusu yake imebaki. Kwa kawaida stempu inagongwa chapa kwanza, ndipo inauzwa, ndipo inabandikwa, na mhuri wa posta unakuja mwisho, juu ya vyote. Kwenye hii zambarau imepita juu ya nyeusi. Inaonekana wazi: mstari mweusi wa mhuri unazama chini ya mguu wa F, unatokea upande wa pili. Nikasogeza kidogo kushoto. A, N, G. Nikashuka chini kwenye tarehe: 11.

Tanga, 1911! Stempu ilikwisha fanya kazi yake hapa hapa mjini kwetu, miaka minne kabla Mwingereza hajakanyaga Mafia, halafu mtu akaipa ajira ya pili. Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka ile 180,000.

Lakini tuwe wakweli. Asubuhi nilimpelekea fundi saa wa barabara ya kumi, bila kumweleza kitu. Akatia lenzi yake jichoni, ile ndogo ya kubana kwa nyusi, akasema kabla sijakaa, "Hapa pana tarehe chini ya hii zambarau." Lenzi kama ile aliniuzia kwa 12,000. Kwa hiyo ukiniuliza kama hadubini iliniokoa, jibu ni kwamba lenzi ya 12,000 ingeniokoa mapema zaidi, kama ningekuwa na akili ya kutazama.

Faida ya hadubini nimeiona baadaye. Inapiga picha. Nilimtumia muuzaji picha nne, F, mstari unaozama, A-N-G, na 11. Mwanzo alinijibu, "Mzee hiyo ni ya Mafia ya zamani zaidi." Nikamwandikia kwamba mwaka 1911 Mafia ilikuwa ya Mjerumani, na G.R. ni Mfalme George, alikuwa anafanya nini huko? Kimya siku mbili. Kisha ikaingia 90,000 kwenye simu, na salamu kwa familia. Kwa maneno matupu nisingepata hata senti, kwani ningekuwa mzee mwenye macho mabovu anayesema ameona kitu.

Kwenye alama ya maji, ile inayotiwa ndani ya karatasi inapotengenezwa, hadubini haina msaada wowote. G.E.A. za 1917 na zile za 1921 zinatofautishwa kwa alama ya maji, taji na herufi CA, za mwanzo zina herufi za kawaida na za baadaye zina mwandiko wa kulazwa. Hilo unalitafuta kwa sinia jeusi na dirisha lenye mwanga. Meno ya ukingoni mwa stempu pia pima kwa kipimo cha meno, usihesabu kwenye skrini, utachoka.

Na kuna stempu ambazo hazihitaji kifaa chochote. Mama yangu ni Msambaa wa Vuga, mji wa Wakilindi, ukoo uliotawala Wasambaa. Pale wamisionari wa Kijerumani walikuwa na mtambo wa kuchapa vitabu, na mwanzoni mwa 1916, stempu zilipowaishia Wajerumani kwa sababu ya meli za Kiingereza kufunga bahari, wakachapisha stempu pale pale mlimani. Wakusanyaji wanaziita Wuga, kwa tahajia ya Kijerumani. Kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ikapenya hadi Sudi, pwani ya kusini, na shehena, stempu zikiwamo. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie kwa Mwingereza, zikafukuliwa baada ya vita. Basi ukiuziwa ya Vuga yenye mhuri wa posta na tarehe safi, rudisha mfukoni pesa yako.

Nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa kisimamio, nyingine kwa ile 1000X. Mwenye kuanza aende kwanza kwa fundi saa. Feki yangu ya Mafia bado ninayo kwenye albamu, ukurasa wake mwenyewe, na chini yake nimebandika ile picha ya F.