Semina ya mkao Tabora: nilishikwa kidevu kama mbuzi mnadani

Jamani hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu msimu wa maembe, na maembe yenyewe yameshaisha mjini, ngoja niliseme tu.

Mi ni mwimbaji na mcheza ngoma, kikundi chetu kinapiga harusi, sherehe za serikali na maigizo ya mashuleni. Sauti ilianza kunikatikia. Yaani wimbo wa tatu tu koo linakwaruza, shingo kwa nyuma imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, nikipumzika siku mbili sauti inarudi, nikipanda jukwaani inaondoka tena. Dokta akasema kunywa maji, pumzika. Ndo likaja tangazo la semina ya siku mbili, mkao na kuujua mwili kwa wasanii, kwa njia ya Alexander. Elfu arobaini na tano. Kwa msanii wa huku hiyo ni hela ya shoo mbili, nikatuma kwa simu siku hiyohiyo.

Huyo Alexander sikuwa namjua, nikamsoma usiku kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe alikuwa msanii mwenzangu! Kazaliwa Tasmania kule Australia mwaka 1869, kazi yake kughani Shakespeare jukwaani, sauti ikawa inamkauka katikati ya onyesho. Madaktari wakamwambia apumzike, akipumzika inarudi, akighani inaondoka. Akawaza, basi kuna kitu nafanya mwenyewe nikiwa naghani. Akaweka vioo akawa anajitazama, akaja kuona kila akitaka kutoa sauti anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koo, anafyonza hewa kwa mdomo. Mi hapo nililia, maana nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikaimba mstari mmoja na shingo yangu ikafanya vilevile. Kwa hiyo mjue nilienda pale na moyo wangu wote.

Siku ya kwanza asubuhi tupo kama ishirini hivi, waimba kwaya, vijana wa sarakasi, sisi wa ngoma. Mwalimu katoka Dar. Kaanza vizuri tu, kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu mpaka tano, ukikivuta nyuma mgongo mzima unalipa, sawa, naandika kwenye daftari. Akaniita mbele. Hakuuliza naweza kukugusa, hakusema samahani dada, akanishika kidevu akakipandisha, akavuta mabega nyuma mpaka yakalia, akasema toa kifua, simama kama askari. Nikasikia maumivu mpaka sikioni nikasema mwalimu naumia, akageukia watu akauliza, huyu utotoni alibeba ndoo kichwani? Nikasema ndiyo nimebeba. Akasema mnaona, ndo maana shingo imezama kama kobe, na nyie wa ngoma mnajua kukatika tu. Watu wakacheka.

Nilinyamaza. Mpaka leo najilaumu kunyamaza.

Mama yangu kabeba ndoo ya lita ishirini kutoka kisimani miaka yote, anapita kwenye njia ya mawe anaongea na jirani na maji hayamwagiki. Unaweza kuvuta kichwa nyuma ukiwa na ndoo? Huwezi, itakumwagikia yote. Ndoo yenyewe ndo mwalimu, inataka kichwa kitulie juu ya uti wa mgongo na mwili chini ucheze wenyewe. Sisemi mzigo mzito hauumizi, unaumiza, na mabibi wengi wanalia shingo. Ila usinitukanie mama kwenye mji huu, mji wa wapagazi, Wanyamwezi waliotembea na mizigo ya frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kichwani na mabegani mpaka Bagamoyo! Halafu hiyo ya toa kifua vuta mabega siyo hata ya Alexander. Yeye alikataa kabisa mtu kujikaza kwenye mkao mmoja, kitu cha kwanza anachotaka ni UACHE, usite kidogo kabla hujafanya ulilozoea, shingo ilegee. Na mkono wa mwalimu unatakiwa uwe mwepesi, ndo maana wanaosomea kufundisha wanasoma miaka mitatu. Huyu wetu kasomea wapi? Nilimuuliza mchana, akasema kula kwanza dada.

Nilitaka kuandika msiende kamwe, pesa imepotea. Ila nikiandika hivyo nitakuwa mwongo, kwa sababu ya yule binti msaidizi wake.

Siku ya pili mwalimu katoka nje na simu, binti akasema tufanye ya kiti, yaani kukaa na kuinuka. Akaja kwangu, akauliza dada nikuguse shingo? Akaweka kiganja nyuma ya kichwa, chepesi kama kitambaa, akasema usijisaidie kusimama, acha tu, waza kichwa kinaenda mbele na juu. Nikajikuta nimesimama. Sikusikia nguvu popote, magoti hayakulalamika, hewa ikaingia yenyewe mpaka tumboni, akaniambia imba, nikaimba, na sauti ikatoka kule ilikokuwaga zamani. Dakika tano, aisee. Hizo dakika tano zilizidi siku zote mbili.

Akanifundisha pia kulala chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini, vitabu viwili vitatu chini ya kichwa, dakika kumi na tano bila kufanya chochote. Nafanya kila jioni. Koo bado linakwaruza siku za vumbi, lakini wimbo wa tano sasa hivi naufikia.

Sasa nisemeje, ni nzuri au mbaya? Nilikuwa nimeandika nyota tatu, nimezifuta, maana nikikumbuka kile kicheko mikono inatetemeka hata sasa. Na cheti walichotupa kina jina la mwalimu peke yake, la binti halipo, wakati yeye ndo aliyenifundisha. Hapana, nyota moja. Na hiyo moja ni ya binti, mwalimu asiiguse. Kama kuna mtu anajua yule binti alipo, akija Tabora peke yake mi nalipa tena elfu arobaini na tano, na mama nakuja naye.