Ukijenga Kisumu, Ununue Kioo Gani cha Dirisha?

Kabla ya kuuliza bei, nenda kiwanjani saa kumi jioni uone jua linapiga wapi. Kisumu iko kwenye ikweta, kusini yake kidogo tu. Adhuhuri jua liko utosini na madirisha hayaumii sana. Yanayochomwa ni ya mashariki na magharibi, na haya ya magharibi hupigwa nyumba ikiwa tayari imeshiba joto la mchana kutwa.

Kwangu, cha kwanza bado ni kioo cheupe cha kawaida, cha milimita 4. Cha milimita 3 ni nafuu, lakini kiwekee vidirisha vya choo. Kwenye fremu pana hutikisika upepo wa ziwa ukivuma. Pesa utakazookoa kwa kuacha vioo vya urembo, ongezea paa litokeze mbele ya ukuta. Kivuli hulizuia jua kabla halijagusa kioo, kazi ambayo rangi ya kioo haiiwezi. Na fremu iwe ya kufunguka yote, pamoja na wavu wa mbu. Dirisha la kuteleza ni zuri kwa macho, ila hewa hupitia nusu tu.

Cha pili ni kioo cha tinti, kahawia au kijivu, tena kwa upande wa magharibi peke yake. Hupunguza mwanga mkali, lakini hunyonya joto chenyewe na sehemu yake huishia ndani. Kikiwa nusu juani, nusu kivulini, kinaweza kupasuka bila kuguswa na mtu, hasa kingo zikiwa zimekatwa ovyo. Pitisha jicho kwenye kingo kabla ya kulipa.

Mkiani naweka kile cha kuakisi, wanwei ya mafundi. Nilikitia sebuleni nikidhani nimenunua faragha. Mchana kweli, mpita njia alikuwa akijitazama na kuchana nywele. Usiku tulipowasha taa mambo yaligeuka: sisi tukajiona wenyewe, na majirani wakatazama taarifa ya habari pamoja nasi kutoka barabarani. Nikaishia kununua mapazia.

Kioo kilichoimarishwa kwa moto sikipangi na hivi, kwa sababu pale kinapohitajika hakuna cha kuchagua: milango ya kioo, bafu, na madirisha yanayofika karibu na sakafu, watoto wanapokimbizana. Hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Kikivunjika huwa chembe ndogo butu, si visu. Lakini kikishaimarishwa hakikatiki tena, kwa hiyo vipimo vichukuliwe mapema, fremu ikiwa imeshakaa. Fundi akikuambia, "Lete tu, nitakikata hapa hapa kikizidi," jua hicho si kioo kilichoimarishwa, na usikilipie bei yake.