Rimoti ya Gari Imegoma? Anza na Betri Kabla ya Kumtafuta Fundi

Haya, karibuni. Leo mezani nina ufunguo wa gari wenye rimoti iliyoanza kunidharau, betri tatu mpya za duara, na bisibisi bapa niliyoiviringishia utepe ncha yake. Kama na wewe siku hizi hadi ulisogelee gari uliguse, ubonyeze mara nne ndipo milango ikubali, tuko pamoja.

Kabla sijafungua chochote, niseme jambo moja ambalo watu wanalichanganya sana. Betri ya rimoti kufa siyo gari kufa. Ndani ya ufunguo huu kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kufungua milango: rimoti inatuma mawimbi ya redio, magari mengi hutumia megahezi 315 au 433 kutegemea soko, na hii ndiyo inayokula betri. Ya pili ni chipu ya kuzuia wizi, ambayo gari lisipoitambua haliwaki, na chipu hiyo haitegemei betri hii kabisa. Inapata nguvu yake kutoka kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo kwenye gari lenyewe, unapouingiza ufunguo kwenye swichi. Ndiyo maana hata magari mengi ya kuwasha kwa kitufe, betri ikiisha, ukiigusisha rimoti kwenye kitufe hicho au ukaiweka pale kitabu cha gari kinaposema, linawaka. Na mlango je? Humo ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma umejificha. Vuta hako kakitasa kadogo pembeni, unatoka. Kama hujawahi kuuona, simamisha video ukautafute sasa hivi, siyo siku mvua inakunyeshea.

Sasa tufungue. Ukishautoa ule wa chuma, mara nyingi palepale ndipo penye mwanya wa kuingiza bisibisi. Ona ninavyofanya: naingiza ncha, halafu nazungusha kidogo kama mtu anayefungua kitasa. Sibinui. Ukibinua kwa nguvu unavunja vile vimeno vya plastiki, na ganda halifungi tena vizuri. Umesikia? Tak. Limeachia. Lakini angalia kwanza kama yako ina skrubu; nyingine huificha chini ya nembo au palipokaa ule ufunguo wa chuma.

Hapa tulia, maana hapa ndipo mimi nilipoumia. Kwenye funguo za zamani kidogo, ile chipu ya kuzuia wizi haijachomewa kwenye sakiti. Ni kipande cheusi, kidogo kama punje ya mchele iliyonona, kimekaa tu kwenye kishimo chake. Mwaka mmoja nilifungua ufunguo nikiwa nimesimama nje, nikabadilisha betri vizuri kabisa, milango ikafunguka, nikajipongeza. Gari likakataa kuwaka. Chipu ilikuwa imedondoka kwenye kokoto. Niliitafuta kwa magoti, jamani, kwa tochi ya simu. Nikaipata, lakini tangu siku ile nafungulia mezani, juu ya kitambaa cheupe.

Betri hii hapa. Isome kabla hujaitoa, na ukumbuke upande wa jumlisha unatazama wapi. Imeandikwa CR2032. Namba hizo zina maana: 20 ni kipenyo, milimita 20, 32 ni unene, milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule lakini unene ni 2.5, na CR2016 ni 1.6. Zote ni volti 3, ndiyo maana mtu anakwambia “weka tu, itafanya.” Itaingia, ndiyo. Ila ile nyembamba inacheza, leo inashika kesho haishiki, na inaisha mapema kwa sababu ina akiba ndogo. Kibaya zaidi ni wale wanaopanga 2016 mbili ili zifikie unene wa 2032. Hapo umeipa rimoti volti 6. Usifanye hivyo. Wala usiweke zile za kuchaji zinazoandikwa LIR2032. Zikijaa zinafika volti 4.2.

Tuje kwenye betri zenyewe. Ya kwanza ni Panasonic, ya pili Duracell, ya tatu jina lake silitaji kwa sababu hata halina. Napima zote kwa multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme: zote tatu zinavuka volti 3. Sasa napima ile niliyoitoa: 2.9. Unaona? Ukiangalia namba tu utasema bado nzima. Multimeta inaipima ikiwa imepumzika. Ukibonyeza kitufe inatakiwa itoe mkupuo wa umeme, na betri iliyochoka huanguka palepale. Kwa hiyo kipimo hiki hakitofautishi nzuri na bandia. Mimi natumia uzito: 2032 ya kweli ina karibu gramu 3. Hii isiyo na jina ukiipima mkononi ni kama ganda la kitu. Ndugu yake niliiweka kwenye ufunguo wa akiba, haikumaliza hata miezi minne.

Duracell nayo ina jambo lake. Wameipaka dawa chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Nawaunga mkono, kwa sababu betri hizi ni hatari kweli: ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ile unayoiona imekufa. Mtoto akimeza, mbio hospitali, usimtapishe. Ila mpako huo kwenye baadhi ya vifaa huzuia betri isishike vizuri. Rimoti ikikaa kimya, pangusa pale inapogusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Mimi leo naweka Panasonic. Naifuta alama za vidole, naiingiza kwa kuitelezesha chini ya vile vyuma vya kushikia. Vikiwa vimelala, viinue kwa ukucha, taratibu. Nimeshaona rimoti nyingi zikiitwa mbovu kumbe ni kichuma kimoja tu hakigusi. Narudisha mpira wa kuzuia maji, nabana ganda pande zote.

Tujaribu. Nasogea mpaka ukutani kule... nabonyeza mara moja. Taa zimewaka, mmeona wenyewe. Yako ikigoma hata baada ya haya, soma kitabu cha gari. Kuna aina chache zinazotaka rimoti itambulishwe upya. Hii ya zamani naizungushia selotepu pande zote mbili kabla ya kuiweka juu kabatini, isubiri pa kutupwa panapofaa.