Tahadhari: trela kuukuu "zilizofufuliwa" wanazouziwa watu wa nyumbani hapa Ohio

Ndugu zangu wa Columbus, Dayton, Cincinnati na majirani wa Indiana, habari za siku.

Kuna bwana mmoja anauza trela za zamani za kulala safarini, zile za bati la alumini, na wateja wake ni sisi tunaoongea Kiswahili. Tangazo lake limerudi tena kwenye magrupu wiki hii. Trela ni nyingine, maneno ni yale yale: "Imefanyiwa kila kitu, funga uondoke, bei ya ndugu." Jina lake silitaji, maana shauri langu naye halijaisha. Dalili zake lakini hizi hapa. Picha karibu zote zimepigwa ndani, mito imevalishwa kitenge, sakafu mpya ya kijivu, na hakuna hata picha moja ya uvunguni wala ya nyuma kwenye bampa. Hiyo ya kukosa picha ya nyuma ishikeni, nitairudia. Ukimpigia simu, salamu ni ndefu, atakuuliza kwenu wapi, na baada ya dakika tano keshakuwa shemeji yako.

Mimi ni dereva wa lori. I-75 naijua kama ua wa nyumba yangu, na Jackson Center, kamji ambako Airstream, chapa ya hizo trela za alumini, zinaundwa tangu 1952, hakako mbali na barabara hiyo. Ukizoea kukutana nazo zimetoka huko zinang'aa kama sufuria za bi harusi, roho inatamani. Mpya siiwezi. Nikasema nitafute kuukuu, niifufue pole pole, nipeleke watoto Hocking Hills wakalale porini.

Najua wapo watakaosema "ulinunua mkweche, ulitegemea nini?" Kazi nilijua ipo. Angeniambia ni mkweche ningempa bei ya mkweche, tukaagana vizuri. Yeye aliniuzia mkweche uliopakwa poda, kwa bei ya trela iliyopona.

Ilikuwa Airstream ya aina ya Overlander, ya 1973, futi 27, bafu na choo mwisho kabisa nyuma. Alianza na dola 12,000, tukashuka hadi 9,500. Kabla sijaiona alitaka 1,000 "ya kuishikilia", kwa kuwa eti kuna Mzungu anakuja kesho na keshi mkononi. Nikatuma kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki, na pesa ya Zelle uliyoituma kwa hiari yako usitegemee kuirudisha. Nilimwomba mara mbili nije mchana, mara mbili akawa "kazini". Nikaenda jioni, mwezi wa kumi, giza linaingia. Ndani kunanukia kama duka la udi, na madirisha yote yako wazi kwenye baridi ile. Nikasema moyoni, huyu mtu msafi kweli. Manukato yale yalikuwa yanafunika ukungu na mikojo ya panya.

Alifungua friji, taa ikawaka. "Unaona bwana, inafanya kazi." Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Friji za trela za enzi hizo hazina kompresa. Zinapoza kwa kuchemsha amonia, kwa moto wa gesi au kwa umeme, na huchukua saa nyingi mpaka baridi ionekane. Taa ni ya betri, haina habari na ubaridi. Ile yangu ilishakufa zamani, ukipeleka pua nyuma yake unakutana na harufu kali ya amonia iliyovuja. Kwa hiyo muuzaji yeyote mwambie aiwashe usiku wa kuamkia siku unayokuja, ukifika utie mkono ndani.

Sasa sakafu, ambako pesa yangu ilizama.

Kwenye Airstream sakafu ni sehemu ya mwili wenyewe. Chini kuna fremu ya chuma, juu yake plaiwudi, halafu ganda lote la alumini linakalia ukingo wa hiyo plaiwudi, bolti zikipita kuvishika vyote vitatu. Plaiwudi ikioza, ganda halina tena kinacholifunga na fremu. Nyuma ndiko kunakotangulia kuoza, kwa maji yanayopenya kwenye taa, kwenye bampa na kwenye mabomba ya bafu. Zile ndefu za miaka ya 1970 zenye bafu nyuma zina sifa mbaya kwa ugonjwa huu, mkia unaachana na mwili. Tena uvunguni kuna bati la tumbo, na maji yakiingia humo yanakaa kama kwenye beseni, sufi ya kioo ya kuzuia baridi inalowa, na mbao inalala juu ya unyevu mwaka hadi mwaka.

Bwana yule alitandika ubao mwembamba juu ya plaiwudi iliyooza, akabandika sakafu ya plastiki, ukikanyaga unahisi imara. Nje alifunga nyufa zote kwa silikoni. Silikoni kwenye alumini ya trela haidumu, inaachia, na mahali ilipopita dawa nyingine ya maana haishiki mpaka uikwangue yote. Nimeikwangua wiki mbili, kucha zangu ni shahidi.

Nyumbani trela ilikaa siku kumi kavu, halafu mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nikafungua mlango, sakafu imevimba kama chapati kwenye kikaango. Nikamwita fundi mmoja wa kuchomelea, Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno machache. Akaingia uvunguni na tochi, akanyamaza kwa muda mrefu, akatoka na kipande cha plaiwudi akakifikicha kwa vidole kama tumbaku.

"Kaka, hii kintu ilishaoza yote. Walikuuzisha rangi."

Halafu akaniambia nipande kwenye bampa ya nyuma nirukeruke kidogo, yeye akichungulia. Bampa na fremu vikashuka, ganda likabaki juu, uwazi wa kupitisha vidole viwili. Sekunde tano tu! Ningeruka hivyo jioni ile, ningerudi na dola zangu 8,500. Sasa mnaelewa kwa nini picha ya nyuma haiwekwi.

Nimejifunza mengine kwa machungu, mchukue bure. Ribiti za kiwandani, zile pini zinazobana mabati, zina kichwa cha mviringo kilichoziba. Ukiona nyingi zina kitundu katikati, au kuna skrubu zilizopigwa kwenye bati la nje, uliza ni nani alifungua hapo na alikuwa anaficha nini. Bisibisi ya kuchokolea kwenye pembe za sakafu, chini ya makabati na nyuma ya choo, inasema ukweli kuliko muuzaji. Ikizama kama kwenye keki, vaa viatu uondoke. Ekseli za trela hizi hazina springi, zina mipira iliyobanwa ndani ya bomba la chuma, na mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama jiwe. Mkono unaoshika gurudumu unatakiwa uelekee chini kidogo trela ikiwa imesimama. Ukiwa umelala sawa au umepanda juu, ekseli imekufa, na mzigo wote wa barabara unapiga ganda na ribiti. Zangu zote mbili zimekufa. Matairi yaling'aa kwa dawa ya kupaka, lakini herufi za DOT ubavuni zinaishia na 1411, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2011. Nilivuta matairi hayo maili zaidi ya 60 usiku, mimi dereva wa lori ninayekagua matairi ya kampuni kila asubuhi. Hili mke wangu hajui, na sidhani kama anasoma hapa.

Makaratasi nayo ni kisa kingine. Hapa Ohio hati ya umiliki inahamishwa kwenye ofisi ya hati ya karani wa mahakama ya kaunti, na sahihi ya muuzaji lazima iwekwe mbele ya notari, yaani afisa anayeshuhudia sahihi. Yeye alinipa hati iliyokwisha sainiwa, akaniambia "nimekurahisishia". Ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, nafasi ya mnunuzi ikiwa tupu, muhuri wa notari hakuna. Dirishani nikarudishwa. Mwenye jina lile ameshafariki, kwa hiyo sasa nategemea warithi wake wanihurumie. Yaani trela iko uani kwangu, pesa iko kwake, na kisheria mali ni ya marehemu. Mkinunua chochote chenye magurudumu, mwenye jina kwenye hati awe ndiye aliyesimama mbele yenu, kitambulisho mkononi, na mwende kwa notari pamoja. Namba ya trela iliyoandikwa kwenye hati ilingane na iliyoko kwenye trela yenyewe.

Nilipompigia alisema "ulisaini kwamba unaichukua kama ilivyo, kaka". Ni kweli nilisaini karatasi aliyonisomea kwa haraka. Kesho yake nikakuta namba yangu imezibwa. Nimefikiria mahakama ya madai madogo, lakini hapa Ohio mwisho wake ni dola 6,000, kwa hiyo hata nikishinda kila kitu kuna 3,500 ninaisamehe. Bado napiga hesabu. Wenzangu wawili tayari wamenitafuta kwa hadithi inayofanana na hii. Kama upo wa tatu niandikie faragha, uwe na picha za tangazo na risiti za malipo, maana tukienda pamoja tunasikika zaidi.

Trela yenyewe sikuitupa. Nimeivua yote ndani. Mwezi wa tano, yule Mkongo na mimi tutaliinua ganda zima kutoka kwenye fremu, tuweke plaiwudi mpya. Mwenye jeki za ziada na moyo wa kusaidia Jumamosi moja anakaribishwa, pilau lipo.

Anayotangaza sasa ni ya futi 31, bafu nyuma, mito ya kitenge. Juzi nilimwandikia kwa namba ya shemeji yangu nikiomba picha ya bampa. Alijibu upesi sana. Alinisalimu vizuri, akauliza kwetu ni mkoa gani, akasema kuna Mzungu anakuja kesho. Picha hajatuma mpaka sasa.