Mfuko wa Wahitaji wa Jumuiya: Msaada Mzuri, Mlango Mwembamba

Kwa miaka 11 nimeuchangia mfuko wa wahitaji kila Jumamosi alfajiri katika sala ya jumuiya yetu ndogondogo hapa Dar es Salaam, lakini mwezi Februari niliufikia kwa mara ya kwanza nikiwa mwombaji. Jina la parokia silitaji. Kwa kuwa wengi wetu tunaufahamu mfuko huu kwa upande wa kutoa tu, nimeona nieleze huduma yake jinsi inavyoonekana na anayepokea.

Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umekwisha, na nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, shilingi 360,000. Mtaani kwetu msaada ulio karibu kuliko wote ni kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa: ofisi yao iko jirani na kituo cha daladala, fedha hutoka siku hiyohiyo, nao hubaki na kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mfuko wa jumuiya ulinichukua siku 9, kuanzia barua kwa mwenyekiti wa jumuiya, fomu ya Karitasi (huduma ya Kanisa Katoliki kwa wahitaji) ya parokia, kutembelewa nyumbani, hadi malipo. Kwa mtu ambaye mwenye nyumba amekwisha kumpa wiki mbili, siku 9 ni nyingi, ila hakuna riba wala deni linalobaki.

Sehemu bora ya huduma hii ni kule kutembelewa. Akina mama wawili walikuja Jumanne baada ya giza kuingia, wakiwa na kikapu kilichofunikwa kanga, mtu asiyejua angedhani wanatoka kwenye kikao cha vikoba. Mmoja alimwamkia mama yangu shikamoo, akaketi naye mkekani kuuliza habari za miguu; mwingine aliomba maji ya kunywa, na alipopita ukumbini nikamwona akisimama mbele ya mita ya Luku, akinakili namba yake kiganjani kwa kalamu. Hakusema kitu. Asubuhi yake nikaletewa ujumbe wenye zile tarakimu 20 za umeme. Kodi nayo ililipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, stakabadhi ikaandikwa jina langu, hivyo hadi leo mzee yule anaamini nililipa mwenyewe. Kwenda nyumbani kwa mhitaji wakiwa wawili ni desturi ya siku nyingi. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake, kilijengwa juu ya ziara za namna hiyo, na sasa naelewa kwa nini hawakuridhika na kutuma fedha tu.

Kasoro iko kwenye fomu. Inadai namba ya kadi ya zaka na jumla ya zaka ya mwaka uliopita, na ofisini karani aliifungua kadi yangu, akapitisha kidole hadi kwenye muhuri wa mwisho, wa Oktoba, kisha akauliza, “Na hii miezi mingine vipi, baba?” Miezi hiyo ndiyo iliyonifikisha pale. Mimi angalau nilikuwa na mihuri ya kuonyesha. Dada wa kazi aliyehamia mtaani mwaka huu, au kijana wa bodaboda anayebadilisha chumba kila baada ya miezi michache, hana hata kadi, na hao ndio wanaoishiwa mapema kuliko sisi sote. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinasimulia manung’uniko yaliyotokea wajane wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na tunasoma kwamba mitume walitaka wachaguliwe watu saba wa kuisimamia. Hatusomi kwamba wajane waliombwa uthibitisho wa walichowahi kutoa.

Mtunza hazina alinieleza, na hoja yake ina uzito, kwamba bila kadi watu wangezunguka parokia tatu kwa shida moja, ilhali mfuko wenyewe ni mdogo. Lakini ukweli wa hali yangu haukujulikana kwa kadi. Ulijulikana mkekani, na kwenye ile mita.

Matangazo ya baada ya Misa yalitaja idadi ya kaya zilizosaidiwa bila majina, jambo ninalolipongeza.

Nimeiandikia kamati kuomba kipengele cha zaka kiondolewe, nikajibiwa kwamba suala hilo litaingia katika ajenda ya kikao kijacho. Kwa sasa, asiye na kadi asianzie ofisini. Awafuate akina mama wa Karitasi baada ya Misa ya kwanza, chini ya mwarobaini ulio karibu na groto. Wao huandika jina na mahali unapoishi, basi.